Kumpiga mwenzio maneno uwanjani mpaka atoke mchezoni, ni dhambi?

SWALI: Asalam aleikum sheikh. Mi nacheza beki wa kati timu ya mtaani. Kwenye ndondo kocha anatuambia tuwapige maneno mastraika wa watu mpaka watoke mchezoni, juzi nikamtukania mmoja mama yake, akanipiga kiwiko akala nyekundu, tukashinda. Nina dhambi au hayo ni ya uwanjani tu?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah. Sikudanganyi kwamba maneno hayafanyi kazi, yanafanya. Fainali ya Kombe la Dunia 2006 pale Berlin, Materazzi wa Italia alimtolea Zidane wa Ufaransa maneno ya dada yake, dakika ya 110 Zidane akamtwanga kichwa cha kifua, nyekundu, na ndo ikawa mechi yake ya mwisho, Italia wakabeba kombe kwa penati 5-3. Kwa hiyo yanasaidia saa nyingine. Hata wizi unamsaidia mwizi.

Ila we umeuliza dhambi. Mtume (s.a.w) kasema kumtukana Muislamu ni ufasiki, hakutoa ruhusa ya dakika tisini. Tena kasema katika madhambi makubwa ni mtu kuwatukana wazazi wake, maswahaba wakashangaa, mtu anawatukanaje wazazi wake mwenyewe? Akawaambia, anamtukania mwenzie baba naye anatukaniwa baba, anamtukania mama naye anatukaniwa mama. Sasa mama yako wa watu yuko zake nyumbani anakaanga samaki, hajui hata mnacheza na nani, we ushamuingiza uwanjani.

Utani siukatazi jamani. Yanga walipompiga Simba 5-1 Novemba 2023 watu walionyeshwa vidole vitano wiki nzima na wakacheka, haina neno. Ila haya majina ya kuitana, Utopolo kwa Yanga na Makolo kwa Simba, mi nayaogopa, Suratul Hujurat aya ya 11 imekataza kuitana majina mabaya, na anayejua kama linauma ni anayeitwa, sio anayeita.

Mtume alikuwa na ngamia wake Adhbaa, hapitwi mbio, siku moja bedui akaja na kingamia chake akampita, maswahaba roho zikawauma. Mtume akasema ni haki kwa Allah, hakinyanyuki kitu duniani ila atakishusha. Basi, bedui hakuzomewa.

Na kimpira pia usijiamini sana. Niliwahi kukaa pembeni ya uwanja baada ya alasiri namwangalia beki anamchonga straika, kamgeukia kabisa, krosi ikapita nyuma ya kisogo chake, mtu kafunga, yeye mdomo bado unaenda.

Kocha muheshimu lakini kwenye maasi hatiiwi. Na hii ni haki ya mtu, istighfari peke yake haitoshi, mfuate yule kijana umuombe radhi yeye na mama yake. Kama kafungiwa kwa nyekundu ile mechi ijayo utamkuta amekaa nje, hutapata shida kumpata.

Wallahu aalam.