Alisema Ni Maji Tu: Kuchagua Mkabala wa Uchanganuzi wa Nafsi katika Chumba cha Unasihi

Masika moja mteja wangu alifika kikaoni akiwa amechelewa dakika 35. Barabara ya Morogoro hapa Dar es Salaam ilikuwa imefungwa pale Jangwani, kwa sababu Mto Msimbazi ulikuwa umefurika, na daladala zilikuwa zimetafuta njia nyingine. Aliuegemeza mwavuli mlangoni, akaketi, akasema, "Nisamehe, mama, ni maji tu." Kwa miezi 4 alikuwa akiniita dokta, ingawa mimi si daktari na nilikwishamweleza hivyo zaidi ya mara moja. (Habari zake nimezibadilisha ili asitambulike.)

Naanza na kisa hiki kwa sababu wanasihi vijana hunijia wakitaka niwaambie ni nadharia ipi, kati ya zile walizozisoma chuoni, iliyo sahihi. Huwajibu kwamba wasiulize kwanza nadharia inadai nini kuhusu binadamu, bali waulize inawafanya waseme nini, au wanyamaze kwa namna gani, dakika ile mteja anapowaambia ni maji tu.

Mfuasi wa Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi (tiba ya mazungumzo inayotafuta yaliyofichika akilini), atasikia ukinzani, yaani ile nguvu ya ndani inayomzuia mtu asilifikie jambo ambalo yeye mwenyewe amekuja kulitafuta. Mnasihi mchanga hucheka hapa, kwa kuwa Jangwani ilikuwa imefungwa kweli na hata redio ilitangaza. Lakini ukinzani hauhitaji kutunga mvua. Hutumia mvua iliyopo. Wateja wengine wawili wa siku ile, waliopita njia ileile, walitoka nyumbani alfajiri. Anna Freud, binti yake, ambaye mwaka 1936 alitoa kitabu kizima kuhusu kinga za nafsi, yaani njia ambazo mtu hujikinga nazo na maumivu ya ndani bila kujua, angetufundisha tusikimbilie kilichofichwa, bali tuitazame kinga yenyewe inavyofanya kazi. Mimi niliiona katika neno "tu". Wiki iliyotangulia mteja huyu alikuwa amenisimulia jinsi mama yake alivyomwacha kwa bibi, Korogwe, akiwa na miaka 6, akamalizia kwa kusema, "Ilikuwa kawaida tu." Sikio lililozoeshwa namna hii ni zawadi kubwa kwa mnasihi anayefanya kazi kwa Kiswahili, maana lugha yetu huweka mizigo mizito juu ya maneno madogo.

Melanie Klein, mchanganuzi aliyehamia London mwaka 1926 na ambaye mabishano yake na Anna Freud nusura yakivunje chama cha wachanganuzi wa Uingereza katikati ya Vita Kuu ya Pili, angeliacha neno "tu" akashika neno "nisamehe". Kwake, mtoto mchanga humgawa mama pande mbili, mwema kabisa na mbaya kabisa, na ukomavu huanza pale anapotambua kwamba yule aliyemkasirikia ndiye huyuhuyu ampendaye, kisha akaogopa kuwa amemdhuru. Kwa hiyo huenda mteja wangu alikuwa akiomba radhi kwa hasira ambayo hakuwahi kuitamka: nilimsikiliza akisimulia habari za Korogwe, kisha nikamwambia muda wetu umekwisha, nikamtoa nje. Nami nilikuwa nimemwacha.

Naiamini fasiri hiyo mpaka leo, lakini sikuitamka. Miaka mingi nyuma, nikiwa nimelewa maandishi ya Klein, hasa yale ya mwaka 1957 kuhusu husuda na shukrani, nilimwambia mteja mwingine katika mwezi wa pili tu kwamba huenda anaona kijicho juu ya kile anachodhani ninacho, na kwamba kuna upande wake unaotamani kukiharibu. Alinitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Unanituhumu mimi mchawi?" Sikuwa na jibu. Husuda katika mji huu si neno la kitabuni. Lina majirani zake, lina waganga wake, lina kesi zake za kifamilia zilizokaa miaka bila kusuluhishwa, na anayetajiwa husuda anaweza kusikia shtaka kabla hajasikia msaada. Tangu siku ile ushauri wangu ni huu: mtumie Klein katika kufikiri, wala usiwe na haraka ya kumtumia katika kusema. Hakuna mkabala unaonisaidia kuivumilia chuki ya mteja kuliko wa kwake, na hakuna mwingine ulionifukuzia wateja wengi kiasi hicho nilipoutamka.

Nilichofanya kwanza siku ya maji kilikuwa cha Donald Winnicott, mchanganuzi wa Uingereza: nilimpa taulo. Winnicott alikuwa daktari wa watoto katika hospitali ya Paddington Green kwa takriban miaka 40, na huenda ndiyo sababu nadharia yake ina harufu ya maziwa na nepi kuliko ya maktaba. Alifundisha kwamba mtoto hahitaji mama mkamilifu bali mama wa kutosha, na kwamba chumba cha tiba, kwa muda wake na utulivu wake, kinapaswa kumpakata mtu kabla hakijamfasiria chochote. Mkabala huu unafaa sana kwa aliyevunjika mapema. Hata hivyo, usiuchukue pamoja na picha ya mama mmoja na mtoto mmoja ndani ya nyumba ya London. Wateja wetu wengi wamelelewa na bibi, mama mkubwa, shangazi, hata dada wa kwanza, na kosa jepesi ni kuamini kwamba kila aliyelelewa na bibi ameachwa. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyeanza uchunguzi wake wa mshikamano wa mtoto na mlezi katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala mwaka 1954, aliona watoto walioshikamana na mama na pia na watu wengine wa nyumbani. Kwa mteja wangu, bibi alikuwa salama yake. Jeraha lilikuwa katika ahadi ya mama kurudi.

Kuhusu Heinz Kohut, mchanganuzi aliyetoka Vienna akafanya kazi Chicago, nilimwelewa kwa kumpoteza mtu. Nilikuwa mnasihi mchanga, akaletwa mzee mmoja mstaafu kwa kubembelezwa na binti yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha nikakaa kimya, kwa kuwa nilikuwa nimesoma ushauri wa Freud wa mwaka 1912 kwamba mchanganuzi awe kama kioo, asionyeshe chochote ila kile anachoonyeshwa. Baada ya dakika kama 7 mzee akasema, "Binti yangu, umenisusa?" Hakurudi tena. Kimya cha kijana mbele ya mzee, akiwa amemkazia macho, hakiwezi kuwa kioo kwetu. Ni utovu wa adabu. Mzee yule alikuwa amepoteza kazi iliyompa heshima, na alihitaji kuonwa na kutambuliwa kabla ya kuchunguzwa, jambo ambalo Kohut aliliweka katikati ya mafundisho yake tangu kitabu chake cha mwaka 1971. Inafariji kidogo kujua kwamba Freud mwenyewe hakuufuata ushauri wake kila siku: katika kumbukumbu zake za tiba ya yule anayejulikana kama Mtu wa Panya, iliyoanza mwaka 1907, aliandika kwamba mgonjwa alikuwa na njaa akapewa chakula.

Jacques Lacan, mchanganuzi wa Ufaransa, nampitia kwa haraka. Usikivu wake kwa maneno yenyewe umenifaa, lakini desturi yake ya kukatisha kikao wakati wowote siwezi kumshauri mtu aijaribu hapa, ambako mteja anaweza kukaa saa mbili kwenye foleni kutoka Mbagala.

Jambo ambalo vitabu havikuniandaa nalo ni idadi ya siku. Uchanganuzi kamili hufanyika mara 4 au 5 kwa wiki, na fasiri zake kali zimepimwa kwa mwendo huo: ukimfungua mtu Jumatatu, Jumanne yupo mbele yako. Wateja wangu wengi huja mara moja kwa wiki, na wengine kila baada ya wiki mbili, kwa sababu ya nauli na ruhusa ya kazini. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua mkabala, nahesabu siku zilizobaki hadi tuonane tena. Zikiwa nyingi, nabaki kwenye kinga na kwenye kupakata, na yaliyo chini zaidi nayaacha mpaka mteja ayataje mwenyewe. Anayesikia sauti zisizokuwapo au anayetaka kujiua simwekei mkabala wowote kati ya hii peke yake. Nampeleka hospitali kwanza, kisha tunaendelea kwa kushirikiana na daktari.

Narudi kwa neno "mama". Kwa Freud, mteja humhamishia mchanganuzi wake hisia za watu wa zamani, na huo ndio uhamisho unaoendesha tiba. Lakini hapa Dar es Salaam mwenye duka ni mama, askari wa kike ni mama, na abiria mwenzako ni mama. Ukiichukulia kila "mama" kuwa uhamisho utakuwa kichekesho. Ninachosikiliza ni badiliko. Dokta wa miezi 4 aligeuka mama siku ya mafuriko, wiki moja baada ya habari za Korogwe. Nami nilijiona nikitaka kumfutia ada ya siku ile, hamu ambayo si kawaida yangu. Mchanganuzi Paula Heimann aliandika mwaka 1950 kwamba hisia za mchanganuzi ni chombo cha kumwelewa mgonjwa, na kwa sababu hiyo niliichunguza hamu hiyo badala ya kuitii.

Nilimwambia tu, "Leo umeniita mama." Alicheka, akasema mjini kila mtu ni mama. Tukatumia dakika zilizobaki kuzungumzia cherehani yake iliyoharibika, na sikumkatiza. Wiki iliyofuata mvua ilikuwa bado inanyesha. Nilipofika kufungua ofisi nilimkuta ameketi barazani, nusu saa kabla ya muda wake, akaniamkia na kuniita dokta.