Mmeuliza kuhusu hasira, mimi nina kinyongo

Swali lenu la wiki lilikuwa: je, mafundisho ya Buddha na kutafakari vinaweza kumwondolea mtu hasira? Jibu lililonijia kwanza ni hapana. Nimechoka na watu wanaomwambia aliyeonewa avute pumzi. Yeye anaambiwa hasira hasara, na aliyemwonea anaenda zake.

Ila hasira kwangu haikai. Inawaka, inapita. Kinachokaa ni kinyongo. Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, kina maneno mawili mbalimbali: kodha ni hasira inapolipuka, upanaha ni kinyongo unachokihifadhi. Basi mimi nitajibu kuhusu upanaha.

Nilimuuguza mama miaka sita. Siku ya tatu baada ya mazishi, kaka yangu alisimama mlangoni mwa chumba cha mama akanyoosha mkono. "Lete funguo." Hakusema pole wala ahsante. Nilikuwa nimezishika, zina kamba nyekundu aliyoifunga mama mwenyewe ili azipate haraka gizani. Kabla ya kumpa nilizibana mpaka meno ya ufunguo mkubwa yakaacha alama kwenye kiganja changu cha kushoto. Alama ilifutika kabla ya jioni. Mimi nikaendelea kuzibana miaka miwili.

Nilipoanza kutafakari, mwalimu alinifundisha metta, yaani kutakia heri. Unaanza na nafsi yako, kisha mtu umpendaye, kisha mtu ambaye humpendi wala humchukii, na mwisho kabisa yule mliyekosana. Mimi niliruka wote nikaenda kwa kaka, nataka nimalize. "Uwe na amani," nikasema kimoyomoyo. Taya zikakaza, tumbo likapata moto, na kidole gumba kikawa kinabonyeza kiganja palepale. Mwalimu hakunilaumu. Alinirudisha mwanzo, kwangu mwenyewe, akaniambia moto ukija niseme tu "kuna hasira", nisiseme "kaka kanikosea". Buddhaghosa, mwanazuoni wa karne ya 5, aliandika kwamba mwenye hasira ni kama mtu anayeokota kaa la moto ili ampige mwenzake: wa kwanza kuungua ni yeye.

Kisa kilichonisumbua zaidi ni cha Brahmini, mtu wa tabaka la makuhani wa India, aliyekwenda kumtukana Buddha. Buddha akamuuliza: ukiwaandalia wageni chakula nao wasile, chakula kinakuwa cha nani? Changu, akajibu. Basi na matusi yako siyapokei, yamebaki kwako. Niliposikia kisa hicho mara ya kwanza nilikasirika upya. Tusi unaweza kulikataa, lakini funguo zilikuwa zimeshakwenda. Hakuna pumzi inayofungua mlango uliofungiwa.

Sasa naandika, naona nilikuwa nachanganya mambo mawili. Funguo alizichukua yeye. Lakini lile "lete", na ile sauti, nimekuwa nikijirudishia mwenyewe kila usiku, naye huko aliko amelala. Hicho ndicho chakula nilichokubali kukila, tena nikajipakulia mara nyingi kuliko alivyoniandalia.

Kwa hiyo jibu langu limegeuka: ndiyo, lakini kwa masharti. Asiambiwe hivyo mtu ambaye bado anapigwa. Huyo kwanza atoke hapo alipo. Wala asiahidiwe siku. Mimi imenichukua zaidi ya mwaka kuweza kukaa na jina la kaka kwa pumzi kumi bila taya kukaza, na zipo asubuhi ambazo sifiki hata tatu. Na kutafakari kusiwekwe mahali pa haki. Naweza kumtakia kaka heri na bado nikamdai.

Wiki iliyopita nilimwandikia kwamba nataka ufunguo mmoja wa chumba cha mama. Mistari miwili tu, bila neno la kuchoma, mkono wa kushoto ukiwa wazi juu ya meza. Hajajibu. Nitamwandikia tena.