Ganda la waya: limezeeka au limechakaa?

Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam, anayesomea ufundi umeme, anauliza: "Naandika ripoti kuhusu polietilini, plastiki inayohami nyaya za msongo mkubwa wa umeme. Polima hiyo ikibeba msongo kwa muda mrefu hutokwa na mwanga hafifu, na uwezo wake wa kuhami, yaani kuzuia umeme usipenye, hupungua. Nimeandika 'kihami kinawaka na kuzeeka'. Mwalimu amepigia mstari vitenzi vyote viwili. Nimekosea wapi?"

Nianze na kuwaka, maana ndicho chenye hatari. Taa huwaka, jiko huwaka, na nyumba nayo huwaka. Ukimwambia mwenye duka Kariakoo kwamba ganda la waya wake linawaka, atakimbilia swichi kuu, na atakuwa amekuelewa sawasawa. Mwanga unaousema wewe hauna moto. Chaji hasi na chaji chanya huingia ndani ya polima na kunaswa humo. Zikikutana, nishati yake hutoka kama mwanga. Ni mchache mno, jicho haliuoni. Hupimwa kwa vifaa maalumu katika giza totoro. Kung'aa nako hakufai: bati jipya hung'aa, lakini kwa mwanga wa jua. Andika "kutoa mwanga".

Kuhusu kuzeeka, mimi si mkali kama mwalimu wako. Plastiki iliyokaa miaka mingi ikakauka na kukatika, sioni ubaya kusema imezeeka. Ila kitenzi hicho huhesabu miaka, na kuchakaa huhesabu matumizi. Kanga huchakaa kwa kufuliwa, mkeka kwa kukaliwa. Waya uliolala stoo miaka kumi haujabeba msongo hata siku moja; pacha wake aliyefukiwa chini ya barabara ameubeba usiku na mchana. Huyo ndiye aliyechakaa kwa umeme, hata kama wametoka kiwandani siku moja.

Jina "mti wa umeme", ulilolitumia pia katika ripoti, liache kama lilivyo, nalipenda. Nyufa zile nyembamba zinazotangulia kihami kupasuka zina shina na matawi kweli.

Sentensi yako basi iwe: "Polietilini inayohami nyaya, ikibeba msongo mkubwa kwa muda mrefu, hutoa mwanga hafifu na huchakaa." Usiandike "hutoa mwanga, kwa hiyo huchakaa". Mwanga ni dalili kwamba chaji zimo kazini ndani ya polima, na unaweza kupimwa kabla mti haujachipua tawi la kwanza. "Kwa hiyo" ingeugeuza dalili kuwa chanzo.