Kasi ya melanoma inaanza na masuala unayomuuliza mgonjwa

Nyie mnaoanza kazi klinik ya ngozi au maabara huku Unguja na Pemba, hili nalisema mapema mana naliona linapuuzwa sana. Kasi ya kukua kwa melanoma, ile saratani ya ngozi inayotoka kwenye seli za rangi, hatuipimi kwa kuiacha ikue huku tunaiangalia, haiwezekani, ikishukiwa tu inakatwa. Kwa hiyo tunabaki na vitu viwili, unene wake kwenye hadubini na muda tangu mgonjwa alipoiona, unagawa unapata milimita kwa mwezi. Ndo walivofanya watafiti wa Melbourne, utafiti ulotoka 2006, wagonjwa 404, na kama theluthi yao uvimbe ulikuwa unakwenda nusu milimita kwa mwezi au zaidi, ile ya vinundu, inayoota kama kinundu, ndo mbio kushinda zote.

Unene ni kipimo cha daktari Breslow, cha tangu 1970. Unaanzia tabaka lenye chembechembe la ngozi ya juu mpaka seli ya saratani ilozama chini kabisa, na hapa angalieni sana mana sisi watu weusi inatutokea zaidi kwenye nyayo, na ngozi ya wayo ina gamba nene, ukianza kupima juu ya gamba umeshaongeza unene usiokuwepo. Pakiwa na kidonda unaanzia chini ya kidonda.

Sasa muda. Mama wa mwani wa Jambiani ukimuuliza "lini kilianza?" atakwambia zamani, au mwaka, ilimradi akujibu. Usiandike hivo. Muulize, mama yangu, Ramadhani ilopita kilikuwepo? Masika ulikuwa ukishuka pwani unakanyaga bila kuumia? Na mwanawe alokuja nae muulize vilevile. Uvimbe wa milimita 3 ukiandika mwaka ni 0.25 kwa mwezi, kumbe ni miezi sita, basi ni 0.5, yani umemtoa mtu kundi la mbio ukamtia la polepole kwa neno moja tu. Na hata ukipata tarehe nzuri huo ni wastani, uvimbe unaweza kutulia miezi kisha ukanyanyuka ghafla.

Jengine, zile za mbio mara nyingi hazifanani na picha za darasani: mduara mzuri, rangi moja, pengine nyekundu tu haina weusi. Kikinyanyuka, kikawa kigumu na kinakua mfululizo zaidi ya mwezi, usimpe dawa ya kupaka arudi baada ya miezi mitatu, mpeleke akakatwe wiki hiyohiyo.