Kuzuia giaboksi ya otomatiki isichemke unapovuta tela zito

Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikivuta mashine ya kupukuchua mahindi kutoka Dar es Salaam hadi Mafinga, juu ya tela la magurudumu manne, kwa pikapu ya dizeli yenye gia za otomatiki. Tela na mashine kwa pamoja havifiki tani mbili, uzito ambao kitabu cha gari kinauruhusu. Hata hivyo, katika msimu wa pili tu niliunguza giaboksi kwenye mlima Kitonga, na ninaandika haya ili yaliyonifika yasimfike mwingine.

Siku hiyo nilipita Ruaha Mbuyuni saa saba mchana, jua likiwaka juu ya mabanda ya vitunguu, wala sikupumzika. Mlimani nilikuta malori yakipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, nami nikajipanga nyuma yao gia ikiwa kwenye D. Kila foleni iliposimama, badala ya kukanyaga breki nilikuwa nakanyaga mafuta kidogo ili gari lisirudi nyuma. Mshale wa joto ulikuwa katikati kabisa, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Karibu na kona za juu nilisikia harufu ya kitu kinachoungua, injini ikawa inanguruma lakini mwendo hauongezeki, na nilipopata pa kuegesha nikazima injini papo hapo. Nilichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi nikakipangusa kwenye karatasi nyeupe: mafuta ambayo yangepaswa kuwa mekundu yalikuwa meusi kama kahawa.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ule mshale hupima joto la maji ya rejeta, si la mafuta ya giaboksi. Joto la giaboksi huzaliwa zaidi kwenye tokikonveta, lile bakuli lililojaa mafuta baina ya injini na giaboksi. Upande unaozungushwa na injini ukienda kasi kuliko upande wa pili, nguvu isiyofika magurudumuni huishia kuyachemsha mafuta hayo, na gari likiwa limesimama mlimani huku umekanyaga mafuta, nguvu yote ya injini inaishia humo. Gari likishashika mwendo, klachi iliyomo ndani ya tokikonveta huzifunga pande hizo mbili zizunguke pamoja, na joto hushuka. Mafuta haya hufanya kazi vizuri yakiwa kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi. Yakivuka 120 huanza kuungua na kuacha utando kwenye vali, na joto likizidi hapo sili za mpira hukakamaa na klachi za ndani huteleza.

Ndiyo maana nasema kazi ya kupooza giaboksi huanza na dereva, kabla ya kifaa chochote cha kununua. Siku hizi nalala Mikumi na kuufikia Kitonga alfajiri, hewa ikiwa bado baridi. Nikikuta msururu wa malori nasubiri chini hadi watangulie, hata kama ni nusu saa, ili nikianza kupanda nipande kwa mwendo usiokatika. Nazima ovadraivu, ile gia ya juu kabisa ya mwendo kasi, kabla ya mlima kuanza na kuishusha gia mwenyewe hadi ya pili, kwa sababu otomatiki ikiachwa yenyewe chini ya mzigo hupandisha na kushusha gia kila mara, na kila badiliko huongeza msuguano. Nikilazimika kusimama, nashikilia gari kwa breki tu.

Taa ya joto la giaboksi ikiwaka, egesha mahali salama, weka P, vuta breki ya mkono, kisha iache injini iendelee kufanya kazi hadi taa izimike. Pampu ya mafuta ya giaboksi huzungushwa na injini, hivyo ukizima unayaacha mafuta yaliyochemka yamesimama palepale yalipo, na hilo ndilo kosa langu lililonigharimu zaidi.

Kuhusu vifaa, giaboksi nyingi hupozewa na bomba linalopita ndani ya rejeta, na kwa mzigo mzito mlimani hilo halitoshi. Nilifunga kipoozeo cha ziada mbele ya kondensa ya kiyoyozi (ule wavu wa kupooza gesi ulio mbele ya rejeta), mafuta yakitoka kwenye rejeta kwanza ndipo yapite humo kabla ya kurudi. Nilifunga pia kipimo cha joto la mafuta hayo, na sasa naona nyuzi 88 hivi hadi Morogoro na 106 juu ya Kitonga. Kabla ya msimu namwambia fundi aoshe nafasi iliyo kati ya kondensa na rejeta, ambamo vumbi na mbegu za majani hujisokota hadi upepo usipite. Mafuta yakionekana ya pinki yenye povu kama maziwa, usiendelee na safari: rejeta imetoboka ndani na maji yameingia kwenye giaboksi.

Mafuta yenyewe nayabadilisha kila kilomita 40,000, ingawa wapo wanaosema hayabadilishwi kamwe. Chagua aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, kwa maana mafuta yote mekundu si mamoja, na fundi akikuambia yanachanganyika, mwombe akuonyeshe palipoandikwa hivyo kwenye kopo.