Mama ana miaka 79, sindano ya usingizi ya ERCP ataistahamili?

SWALI (msomaji, Wete): Assalam alaykum. Mama yetu ana miaka 79, ana presha na sukari, sasa macho yamekuwa manjano na utrasaundi imeonesha jiwe kwenye mrija wa nyongo. Tumeambiwa akafanyiwe ERCP Dar, anaingizwa kamera mdomoni na anachomwa sindano ya usingizi. Ndugu wengine wanasema kwa umri ule akilala haamki, bora afanyiwe hivyo hivyo yu macho. Na hio dozi wanaipimaje, kwa kilo?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. La kufanyiwa yu macho lisahauni. Ile kamera inashuka mpaka utumbo wa mwanzo, wanachana kidogo mdomo wa mrija ndo jiwe livutwe, inaweza kwenda nusu saa au saa nzima na bi mkubwa kalazwa kifudifudi, sasa akipapatuka katikati ya kazi presha inaruka na utumbo unaweza kutobolewa.

Kilo zinaangaliwa, lakini kwa mtu mzima umri, moyo na figo ndo vyenye usemi zaidi. Midazolamu, dawa ya kumtuliza na kumlaza, kijana anaanziwa miligramu 2 hivi, mama yenu nusu miligramu au 1, halafu mtu ASUBIRI. Hapa ndo penye hatari yenyewe: damu ya mzee inazunguka taratibu, dawa inachelewa kufika kichwani, mwenye haraka anaona mbona hajalala, anaongeza, baada ya dakika chache dozi zote mbili zinamfikia pamoja na pumzi inasita. Ikichanganywa na fentanili au pethidini, dawa kali za maumivu, ndo mbaya zaidi. Kuna na propofoli, inalaza upesi na kuisha upesi, mimi naipenda lakini inashusha presha na haina dawa ya kuirudisha, midazolamu ina flumazenili, fentanili ina naloksoni, propofoli ikizidi unampumulisha mgonjwa mpaka iishe yenyewe. Kwa hio propofoli aitoe mtu wa usingizi aliyesomea.

Umri peke yake haumzuii mtu. Mngeniuliza swali moja tu la kuwauliza kule ningesema hili: nani atakaa kichwani kwake kazi yake pumzi tu, si kupokezana waya na daktari wa kamera? Maana chumba kinatiwa giza ili eksirei ionekane, kifua hukioni vizuri, na ile oksijeni ya puani (lazima apewe) inaficha mambo, mtu kaacha kupumua na klipu ya kidoleni ya kupimia oksijeni bado inasoma 98 kwa muda. Mashine ya kapnografia inasoma hewa anayoitoa, ikikatika inajulikana papo hapo. Ulizeni kama wanayo, si utovu wa adabu.

Klipu nayo, kama ana piko vidoleni semeni mapema, inaweza kuisumbua isisome sawa, wataiweka sikioni. Tambuu siku ile hapana, meno ya bandia yatolewe, na jino linalocheza litajwe.

Chakula kikomee masaa 6 kabla ya kazi, maji matupu masaa 2 kabla. Tabia ya kumfungisha mzee tangu magharibi siipendi, anafika kakauka na presha inaanguka kwa dozi ndogo tu. Vidonge vya sukari, vya presha na hasa vya kulainisha damu kama anatumia, chukueni makopo yenyewe muwaoneshe, msikate kwa akili zenu.

Akishamaliza asipande boti siku ile, usingizi unaweza kumrudia na wazee wengine huweweseka usiku, awe na mtu anayemjua na miwani yake iwe karibu. Tumbo likimkaza sana musiseme ni dawa tu, kongosho linaweza kuvimba, arudishwe.

Na kama kabla ya tarehe atapata homa na kutetemeka na manjano yale, musingoje Dar, mrija umeshaingia wadudu, mpelekeni hospitali hapo hapo Wete usiku huo huo atundikiwe maji na antibayotiki, wao ndo watapanga safari.