Boksi la zamani la Sea Dart: usiguse gundi kwanza

Mkuu umesema umeachiwa boksi la zamani la modeli ya Sea Dart, ile ndege ya kivita ya Marekani ya kutua baharini, plastiki imekakamaa, stika zimekuwa njano, na unauliza uijenge au uiache ikae kabatini. Mi nasema ijenge. Ila gundi usiiguse mpaka ujue unajenga Sea Dart ipi, maana mi nilianza na gundi halafu nikaja kubomoa mabawa mawili kwa wembe, inauma sana ukishasikia plastiki ya miaka ya 50 inalia kwa kukatika.

Yangu aliniletea mjomba wangu aliyekuwa baharia, aliikuta kwenye duka la vitu vya zamani San Diego, Marekani, meli yao ilipotia nanga pale. Na San Diego ndo kwao hasa, kampuni ya Convair waliijenga hapo hapo na kuijaribu kwenye maji ya ghuba. Jeshi la majini la Marekani lilikuwa na wasiwasi kwamba ndege za kivita za kasi kuliko sauti zitashindwa kutua kwenye meli, kwaiyo wakasema basi itue baharini kabisa. Haina maboya kama ndege za maji tulizozoea, tumbo lenyewe ndo linaelea, halafu ikianza kukimbia inashusha ski, yaani vibao virefu vya kutelezea, zinazoinyanyua juu ya maji, na midomo ya kuvuta hewa wameiweka mgongoni nyuma ya rubani ili injini zisinywe maji ya chumvi. Mtu aliyekaa akawaza hivyo namheshimu mpaka leo.

Sasa zilijengwa tano tu na hazifanani. Ya kwanza iliruka rasmi tarehe 9 Aprili 1953 na rubani Sam Shannon, ilikuwa na ski mbili na injini ndogo za J34 kwa sababu J46 zilizokusudiwa zilikuwa hazijawa tayari, baadaye wakaitoa ski mbili wakaifunga moja kubwa katikati. Ya pili, yenye namba 135762, ndo ile rubani Charles Richbourg aliipita nayo kasi ya sauti Agosti 1954 kwa kuiinamisha kidogo, hakuna ndege nyingine ya maji iliyowahi kufanya hivyo. Miezi mitatu baadaye, tarehe 4 Novemba, ilipasuka angani juu ya ghuba ya San Diego mbele ya watu walioalikwa kuiona, na Richbourg akafa. Mi nilichagua kujenga hiyo. Kwaiyo kaa na picha zako kwanza, ski na sehemu ya nyuma ya injini ndo zitakwambia, ukichanganya unapata ndege ambayo haijawahi kuwepo.

Haya, kazi. Vipande vioshe kwa sabuni ya vyombo na maji vuguvugu vikiwa bado kwenye fremu (vile vijiti vya plastiki vinavyovishikilia), plastiki ya zamani ina mafuta ya kiwandani na rangi haishiki. Usivunje kwa mkono hata kimoja, kata kwa kiwembe mbali kidogo na kipande halafu malizia na msasa, maana inapasuka kama gae. Bawa langu la kushoto lilikuwa limejipinda, nikaliloweka kwenye maji ya moto (siyo yanayochemka) nikalinyoosha taratibu juu ya kioo nikalitia maji baridi, ilibidi nirudie mara tatu.

Pale bawa linapokutana na tumbo kulikuwa na mwanya unaopitisha kucha. Usimwage puti hapo. Chukua fremu iliyobaki, ipashe juu ya mshumaa ikilainika ivute iwe uzi, laza uzi kwenye mwanya upake gundi nyepesi, kesho yake piga msasa wa maji. Puti ya mafundi wa magari weka kwenye mashimo madogo tu na iwe nyembamba, ukiijaza inalainisha plastiki kwa chini na wiki mbili baadaye inabonyea ukiwa umeshapaka rangi. Na usijaze chubwi puani ili isilalie mkia kama modeli za jeti nyingine, hii ikiwa nchi kavu inakaa kwa visigino vya ski na mkia.

Rangi ni buluu iliyokolea inayong'aa, na kwa sisi wa pwani hapa ndo pagumu. Mi niko Tanga, nilipuliza jioni moja mvua imetoka kukatika, asubuhi nikakuta ukungu mweupe bawa zima. Ni unyevu. Puliza mchana jua limeshakausha hewa, koti jembamba la rangi, subiri, koti tena, na msimu wa masika acha kabisa.

Stika usizitupe. Zitie kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, bandika dirishani upande wa jua wiki mbili hivi, njano inafifia. Halafu usizitose majini moja kwa moja! Mi nilitosa nyota moja ikagawanyika vipande kama kumi na sita, nikaishia kuichora kwa brashi. Zilizobaki nilizipulizia vanishi koti mbili, zikakauka siku nzima, nikakata kila moja karibu na mchoro wake ndo nikaziloweka, zote zikashika bila kupasuka.

Jumla nimetumia miezi saba, na namba 135762 kwenye mkia nimeiandika kwa mkono wangu nikimfikiria yule rubani.

Kabla hujakata chochote piga picha fremu yenye ski na ile yenye midomo ya injini ya nyuma uziweke hapa, nitakwambia boksi lako linakubali ndege ipi kati ya hizo tano.